Zizi la Ndani ya Simu

Hasira ya Nosapho ina historia, na mtu asije akasema alizaliwa nayo. Alipoolewa hapa Ngxakolo alikuwa msichana mcheshi kutoka Ngcobo, jina lake Khuselwa, amemaliza shule, anaimba sauti ya pili kanisani na anacheka mpaka anashika mbavu. Jina lile walimvua siku ya kwanza, pamoja na sketi yake. Wakamvika gauni refu, kilemba kilichoshuka hadi kwenye nyusi, shali ya kufunga kiunoni, na jina jipya: Nosapho, mama wa jamaa. Akaambiwa sasa yeye ni makoti, yaani mke aliyeolewa katika ukoo. Makoti huamka kabla ya wote na hulala baada ya wote. Hatamki jina la baba mkwe wake, hata kama baba mkwe yuko kaburini. Na zizi la ng'ombe halikanyagi, wala mbele ya lango lake hapiti. Akitaka kwenda jiko la nje huzunguka nyuma ya nyumba zote, ndoo ya maji ikiwa kichwani, matope yakiwa magotini.

Hayo aliyakubali. Mama yake aliishi hivyo, na mama wa mama yake pia. Lililomshinda ni zizi la pili.

Zizi la pili lililetwa Krismasi na mumewe, Mzoxolo, anayefanya kazi mgodini kule Rustenburg. Huku kwetu wezi wa mifugo huchukua ng'ombe wa mtu kana kwamba wanavuna shamba la baba yao, na Mzoxolo alikuwa amechoka kupigiwa simu za msiba huo. Akanunua mkanda wenye kifaa cha kuonyesha njia, akamfunga shingoni yule jike anayetangulia wenzake malishoni. Akanunua na simu kubwa. Ndani ya simu akaweka programu inayoonyesha boma, zizi na malisho yote kama yanavyoonekana na mwewe aliye juu, na kitone chekundu ndicho yule jike. Ng'ombe wakivuka mpaka, mkanda unapeleka habari, simu inapiga kelele.

Nani ashike simu? Mama yake Mzoxolo, MaMpinga, ana mtoto wa jicho. Baba mdogo wake, Zolile, ambaye ndiye msimamizi wa boma tangu marehemu kaka yake aondoke, hutumia kitochi na huona simu kubwa ni mambo ya watu wasio na kazi.

"Utashika wewe," Mzoxolo alimwambia mkewe.

"Ashike," MaMpinga alidakia kutoka kwenye mkeka wake, kiko mdomoni. "Ila asichungulie."

"Asichungulie nini tena, Mama?"

"Zizi. Zizi ni zizi, hata ulitie kwenye kikombe. Ikilia, atuite. Isipolia, ng'ombe wa ukoo wanamhusu nini?"

"Mama bwana!" Mzoxolo alicheka, na baada ya sikukuu akarudi zake mgodini. Ndivyo walivyo waume wa siku hizi. Hucheka, kisha hupanda basi.

Sasa sikiliza tabia ya simu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Simu ni bahili. Kila programu iliyomo ndani inataka kuamshwa: hii itazame habari, ile ihesabu, nyingine ipige hodi kule inakotoka. Zote zikiamshwa zinapotaka, chaji haifiki adhuhuri. Kwa hiyo kuna msimamizi humo ndani, hana sura wala haya, anayeamua nani aamshwe na nani aachwe. Wengine huwakusanya, akawaamsha kwa mkupuo mmoja, akawapa dakika yao na kuwalaza tena. Na kipimo chake cha nani ana maana ni kimoja tu, kidole chako. Unayemgusa kila siku huamshwa wakati wowote. Unayemgusa mara mojamoja atasubiri. Usiyemgusa miezi, anatiwa usingizi mzito, na hata habari yake ikija mlangoni imewaka moto, haingizwi.

Kwa michezo ya watoto, sawa. Lakini mlinzi je? Mlinzi mwema ni yule unayemsahau. Huna haja ya kumgusa kwa sababu hakuna kilichoharibika, na kumbe kutogusa kwako ndiko kunakomlaza! Debe tupu haliachi kuvuma, na katika simu ile madebe ndiyo yaliyokuwa yakilishwa: kundi la kwaya, kundi la akina mama wa mazishi, na programu ya kubashiri mpira aliyoiacha Mzoxolo, ambayo Nosapho aliifungua kila jioni ili tu kuinyamazisha. Hao wote walikuwa macho. Aliyetunga kanuni ile hajawahi kufuga hata kuku.

Wala simu haikuficha. Wakati wa kuvuna mahindi iliandika wazi kwenye kioo: programu hii haijafunguliwa kwa muda mrefu, imelazwa ili kuokoa chaji, ifungue ukitaka iendelee kufanya kazi. Nosapho aliisoma mara mbili, akazunguka nyuma ya nyumba zote kama inavyotakiwa, akaenda kupiga magoti mbele ya MaMpinga aliyekuwa akipukuchua mahindi.

"Mama, ile ya ng'ombe imelala."

"Ng'ombe gani amelala saa hizi?"

"Si ng'ombe, Mama. Programu. Simu imeilaza kwa sababu haijafunguliwa tangu baba Liyema arudi mgodini. Inataka niifungue."

"Yaani simu ndiyo imekuja kukufundisha adabu za nyumba hii?"

"Hapana, Mama. Ni mara moja tu. Nitafumba macho hata."

"Utafungua huku umefumba macho!" MaMpinga aliangua kicheko, mahindi yakamtoka mkononi. "Wewe mtoto una vituko. Mimi nimekaa hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mguu wangu haujaingia humo. Acha ilale. Wezi wakija itaamka."

"Haitaamka, Mama."

"Itaamka! Kalete beseni."

Wiki iliyofuata alirudi akauliza tena. Safari hii MaMpinga alijibu kwa moshi wa kiko.

Najua unachowaza: si angeifungua kwa siri tu? Ukisema hivyo hujakaa kwa MaMpinga, ambaye haoni uzi ukiingia kwenye sindano lakini anaona makoti akiwaza. Tena Nosapho alikuwa na heshima ya kweli, si ya woga. Aliambiwa usifungue, hakufungua. Ila alianza kusaga meno usingizini, na binti yake, Liyema, akawa anamwamsha kwa kumgusa shavu.

Zolile naye, alipoona majira ya baridi yamefika na hakuna ng'ombe aliyepotea, alimwachisha kazi mchungaji. "Mkanda upo," alisema. "Mchungaji wa nini?" Watu wakamsifu kwa akili.

Ikaja Jumamosi ya mazishi ya jirani. Mazishi huku hayaachi mtu nyumbani. Wanaume walichimba kaburi, wanawake tulikuwa kwenye masufuria ya miguu mitatu tangu giza halijatoka, wengine wakimenya maboga, wengine wakikatakata kabichi. Nosapho alipewa kuchochea moto wa nyama. Simu aliiweka kifuani, ndani ya gauni, mahali ambapo hata ikitetemeka kidogo ataisikia.

Na ilitetemeka. Mimi nilikuwa pembeni yake, nilimwona akiitoa kila mara, uso umekazana. Mama mmoja anauliza mwiko mkubwa uko wapi. Kwaya inauliza wimbo wa makaburini ni upi. Timu fulani ya Ulaya inacheza leo, weka dau lako. Kila mara aliitazama, akaguna, akairudisha kifuani. Hakuna lolote kuhusu ng'ombe.

Watu wakiwa wanakula, alikuja mtu wa upande wa mto akamnong'oneza Zolile sikioni. Zolile aliacha sahani yake chini. Malisho yalikuwa matupu. Ng'ombe wote wa boma walikuwa wamekwenda, na pamoja nao yule maksai mweusi aliyetengwa kuchinjwa ili kuirudisha nyumbani roho ya marehemu baba mkwe, sherehe ambayo ukoo wote ulikuwa umeshaalikwa.

Kufika bomani, Zolile alinyoosha mkono. "Simu."

Nosapho aliitoa kifuani, akampa kwa mikono miwili. Zolile alibonyeza ile alama ya programu aliyoonyeshwa Krismasi, na programu ikafunguka. Hapo ndipo ilipoanza kulia. Ililia kama mbuzi aliyeachwa, ikatetemeka mkononi mwake, ujumbe juu ya ujumbe, yote yaliyozuiwa mlangoni tangu asubuhi ikaingia kwa pamoja. Zolile alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Ng'ombe wamevuka mpaka. Asubuhi hii, mchungaji wa kanisa alikuwa bado anahubiri! Ng'ombe wamefika barabarani. Hapa tulikuwa tunabeba jeneza. Ng'ombe wanashuka bondeni." Aliinua macho. "Makoti. Simu imekwambia. Imekwambia tena na tena, na wewe ukakaa kimya."

"Haikulia, Baba mdogo. Imelia sasa hivi tu. Ule ni wakati ilipotumwa, si wakati—"

"Sasa simu inasema uongo?"

"Ilikuwa imelazwa. Lakini Baba mdogo, nakuomba, usiifunge! Hicho kitone kinaonyesha walipo sasa. Bado wanatembea. Tazama."

"Nani kakuuliza?" Zolile alipitisha kidole gumba juu ya kioo, akafagia kila kilichokuwa wazi, kama wanavyofanya wote hapa kijijini kwa kuamini kwamba kufagia kunatunza chaji. "Betri yenyewe inakata roho. Mnaacha mambo wazi wazi hivi, ndiyo maana." Akabonyeza na kile kitufe cha kuokoa chaji, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa koti lake la mazishi. "Kwanza tujue ni nani katika nyumba hii anakula na wezi."

Na wakaketi. Nasema wakaketi! Ng'ombe wanatembea, jua linatembea, na wanaume wazima wa ukoo wanatafuta mahali pa kuegemeza migongo karibu na lango la zizi ili wamhukumu mwanamke. Nosapho alipiga magoti mbali, kwenye pembe ya nyumba, shali imemfunika mabega. MaMpinga alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni. Wanawake wachache tuliomsindikiza tulisimama nyuma.

"Nani alikutuma unyamaze?" aliuliza mmoja wa ukoo.

"Hakuna."

"Una jamaa huko Tsolo, kwa wezi wa ng'ombe?"

"Jamaa zangu wako Ngcobo. Mnawajua. Mliwapelekea mahari."

"Mdomo!" Zolile alifoka. "Sikiliza namna anavyojibu."

"Baba, niliona tangu wakati wa mahindi kwamba imelala. Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

Nosapho alimtazama MaMpinga. Sote tulimtazama. Kizee kile kilikuwa kinachokonoa kiko chake kwa njiti, polepole, macho chini.

"Mama," Nosapho alisema, "si nilikuja kwako?"

"Mambo ya simu mimi siyajui," alisema MaMpinga. "Macho yangu unayajua."

Nimewahi kumwona Nosapho amechoka, amefiwa, anaumwa uchungu wa kuzaa. Sijawahi kumwona vile. Mikono yake ilishika nyasi ikazing'oa na mizizi. Ile ilikuwa hasira, si hofu, na aliyekuwa na macho alijua tofauti. Kuibiwa ni jambo moja. Kusingiziwa wizi ni jambo lingine. Lakini kutii, ukatii mpaka meno yakauma, halafu aliyekuamuru akauchuna, hilo hata Mungu huinamisha kichwa.

Zolile hakuona lolote. Alitoa hukumu yake kama mtu aliyekuja nayo mfukoni. "Atarudi kwao leo. Wazee wake wamfunze alichosahau kujifunza, kisha wamlete wenyewe na maksai wa kulipa. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Begi lake lililetwa na shemeji mmoja, likawekwa mlangoni. Liyema, aliyekuwa ameachishwa ziwa juzijuzi tu, aliliona begi la mama yake akaanza kuliburuta kurudi ndani.

"Na isije ikasemwa nimemwonea," Zolile aliendelea. Alikuwa na mgeni wa heshima pale, mzee wa upande wa marehemu jirani, akataka naye ashuhudie. "Mzee, soma mwenyewe. Saa zote zimo." Akaitoa simu mfukoni, akabonyeza ile alama ya programu.

Simu ikalia. Ikalia kuliko mara ya kwanza. Zolile alishtuka nusura aiangushe, na yule mgeni, ambaye hakujua kisa chote, akaichukua akasoma kwa sauti nzuri ya kusomea Biblia.

"Ng'ombe wamevuka mto. Ng'ombe wamesimama. Ng'ombe wanaelekea msituni." Akasita. "Lakini hizi si za asubuhi. Hizi ni za sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa."

Nosapho alisimama.

Makoti hasimami mbele ya baraza. Alisimama, akaacha shali ianguke, akatembea. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Alipita katikati ya uwanja wa wanaume, mbele ya lango la zizi, njia fupi ambayo miguu yake haikuwahi kuijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia keti. Alifika mpaka mbele ya Zolile.

"Baba mdogo. Simu ilikuwa mfukoni mwako."

Zolile aliitazama simu mikononi mwa mgeni.

"Ilikuambia. Imekuambia tena na tena. Wamevuka mto ukinihukumu. Uliisikia?"

"Mimi—"

"Nakuuliza uliisikia! Una jamaa huko Tsolo? Nani alikutuma unyamaze?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Zolile alianza kupapasa mfuko wa koti kana kwamba sauti zimebaki humo ndani. Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka, akajifanya anakohoa. Na mimi sikujifanya.

Hapo ndipo MaMpinga alipoongea, sasa, baada ya kila mtu kuona. "Aliniuliza," alisema. "Mara mbili. Mimi ndiye niliyemkataza."

Nosapho aligeuka. "Mama, neno hilo lilikuwa mdomoni mwako wakati wote?"

"Mwanangu, nilidhani—"

"Mtoto wangu analivuta begi langu pale. Wewe ulikuwa unasafisha kiko."

Wanaume walikuwa wameshaanza kukimbia, wakipigiana kelele za nani ana gari lenye mafuta. Walihitaji simu iwaongoze. Mgeni alimrudishia Nosapho kwa mikono miwili, naye akakizima kile kitufe cha kuokoa chaji alichobonyeza Zolile, akafungua mahali pa kuamua nani alale na nani akeshe. Simu ikamwandikia: programu hii ikiachwa macho wakati wote itatumia chaji zaidi, una hakika?

Hakubonyeza. Alimtazama mama mkwe wake.

"Inauliza kama nina hakika, Mama. Niseme nini?"

"Bonyeza," MaMpinga alisema chini chini.

"Sijasikia."

"Haya, bonyeza."

"Nyumba nzima haijasikia!"

"Bonyeza, Nosapho! Lifungue hilo zizi, nimesema lifungue!"

Alibonyeza. Akampa simu mwanamume aliyekuwa karibu na gari, akamwambia asifagie kitu, asizime kitu, aitazame hiyo tu. Kisha akamchukua Liyema mgongoni.

Ng'ombe wengi walipatikana jua likizama, kwenye korongo ndani ya msitu, mkanda ukiwa bado shingoni mwa yule jike. Maksai mweusi hakuwamo. Nyayo zake ziliishia kwenye alama za magurudumu, mbichi bado, na waliozisoma walisema gari lile limeondoka punde, muda usiozidi ule ambao watu wazima walikaa kwa starehe wakihukumu. Sherehe ya marehemu iliahirishwa. Nani wa kulaumiwa kwa maksai? Lawama ilipokuwa ya mwanamke ilikuwa na miguu minne. Ilipofika kwa Zolile, ikalala, na hakuna aliyeiamsha.

Hakuna pia aliyemwambia Nosapho samahani. Walimwambia, "Basi yameisha." Jumapili MaMpinga mwenyewe alimpelekea bakuli la maziwa ya mgando ya boma, akaliweka chini mbele yake, akasimama akingoja lichukuliwe. Lilikaa pale mpaka nzi wakalijua.

Tangu hapo kila asubuhi Nosapho hufungua zizi la ndani ya simu uani, mbele ya watu wote, akatangaza kwa sauti ng'ombe walipo. Anapita mbele ya lango. Anafanya kazi zake zote, na hakuna anayeweza kusema moto haukuwaka au maji hayakuchotwa. Lakini lile begi hakulifungua. Liko palepale mlangoni lilipowekwa na shemeji, zipu imefungwa, na nguo zake anazovaa ni zile mbili zilizobaki kwenye kamba. MaMpinga, ambaye haoni uzi kwenye sindano, huliona vizuri sana. Kila akitoka nje hulizunguka.